Boneti Si Yake

Suwaiq, nyuma ya ndimu zilizokufa kwa maji ya chumvi,
limesimama trekta chini ya turubai la matundu.
Mwanangu Yaarub anasema: Massey hilo, mama, huoni wekundu?
Shofiqul, aliyelilisha dizeli miaka kumi na tisa,
anasema kwa Kiarabu chake cha nusu mkate:
hilo Trekta. Jina lake Trekta.

Mimi nimekuja na msasa, tambara, mafuta ya taa,
na daftari la marehemu baba, jalada limeliwa na panya.

Kwanza nilitafuta kibati cha namba.
Hakipo. Yamebaki matundu mawili ya ribiti
kama masikio ya mwanamke aliyeuza herini zake.

Nikahesabu nozeli: moja, mbili, tatu.
Silinda tatu, haya. Lakini tatu haisemi kitu,
maana Perkins alizitia injini zake tatu-tatu
nyumba hii na nyumba ile,
Waingereza nao walipenda kuazimana.

Basi nikasugua.
Chini ya wekundu, kijivu.
Chini ya kijivu, pale injini inapokumbatiana na gia,
buluu.
Buluu ya sketi yangu ya skuli, Wete, kabla hatujapanda ndege.
Na ndani ya ringi ya gurudumu, mahali ambapo
hakuna mtu apakaye rangi mara ya pili,
chungwa. Kidogo tu. Kadiri ya ukucha.

Fordson, nikasema. Fordson Dexta.
Yaarub akacheka: na boneti je?

Boneti si yake.

Baba aliandika kwa penseli, kwa Kiswahili,
lugha ambayo hapa shambani hakuna aliyemdai:
*Jumatatu. Dizeli galoni tatu. Klachi inateleza.*
*Jumanne. Dexta amekataa kuwaka. Nimempasha, amekubali.*
*Alhamisi. Mtende umeanguka, boneti imepondeka.*
*Nimepata ya Massey kwa Hamdoon wa Saham,*
*riyali sita na beberu.*

Amekataa, kaandika. Amekubali.
Si limekataa, si limekubali.
Mimi mwenyewe, kwa ukali wake wa asubuhi,
sikumbuki kama aliwahi kuniandika popote.

Yaarub anaijua lugha hii kwa masikio tu, kwa shangazi zake.
"Nimempasha" ni nini? anauliza,
na mimi natafuta neno la Kiarabu, silipati,
namwonyesha kwa mikono: tambara, dizeli, kiberiti,
mdomo wa hewa, moto mdogo, subira.

Mwaka tuliofika, mwalimu wa Suwaiq
alinisimamisha mbele ya darasa, akaniuliza asili yangu.
Baba ni wa hapa, babu ni wa hapa, kaburi la babu liko hapa.
Nilikuwa na majibu yote, kwa lugha nyingine.
Nilinyamaza. Sikuwa na kibati.

Ukingoni mwa nyumba ya klachi kuna namba imegongwa kwa mkono.
Nikaitia mafuta ya taa, nikaisoma kwa kidole kama kipofu.
Imelingana na ya daftari mpaka tarakimu ya mwisho,
na ya mwisho imeliwa na kutu:
saba au moja. Baba ameandika saba,
ameikata kiunoni, kwa nguvu, karatasi imetoboka.
Namwamini.

Sasa Yaarub anataka kuagiza boneti ya kweli,
apake buluu tupu, aitie kwenye maonyesho ya Sohar.
Shofiqul amesimama na ndoo.
Huo wekundu, anasema, ndio ninaouosha mimi.
Wanabishana. Nawaacha.

Nimefungua ukurasa mweupe nyuma ya daftari:
*Aina: Dexta. Silinda: tatu. Rangi ya chini: buluu.*
*Boneti: ya kuolewa.*
*Mwenyewe:*
hapo penseli imesita,
na nilipoinua kichwa kumwuliza Shofiqul
jina kamili la baba yake,
alikuwa ameshachovya tambara.